Mwalimu wa Kilimo na Choo Nilichotaka Kumjengea

Mwalimu wa Kilimo hakukitaka choo changu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniuma, na watu wa Lusahunga wanaonijua watakwambia kwamba mimi kila nikisimulia jambo lazima nianzie pale nilipokasirika. Ni kweli. Nina hoteli pale njia panda, malori ya Rusumo yanasimama kwangu kula ndizi na maharage, na mwenye hoteli asiye na mdomo hufunga wiki ya kwanza. Basi nilimfuata mzee wa watu hadi Biharamulo kwa binti yake, nimevaa kitenge kipya, nikamwambia kwamba najenga vyoo vya wasichana katika shule alikonifundisha, matundu manne ya matofali ya kuchoma, na mlangoni pataandikwa kuwa ni shukrani kwake. Nilitegemea machozi. Aliniuliza vitachimbwa wapi. Nikasema nyuma ya madarasa, mle mitini, maana kuna kivuli na udongo wake ni laini. Akasema, "Sitaki," akageukia ukuta.

Siku ile sikujua kwamba nilikuwa nimekwenda kumwambia nitachimba vyoo mahali ambapo yeye alikuwa amepalinda maisha yake yote. Nitalisema lote, sina tabia ya kuwazungusha watu. Lakini mkilipata hilo kabla hamjamjua mwenyewe mtadhani alikuwa mtu wa huzuni, na hakuwa hivyo.

Alikuwa mrefu, mkavu, shati la kaki limepauka mgongoni. Wengine walisema ni Msubi wa Biharamulo, wengine wakasema ni Mhangaza wa hapahapa, naye aliwaacha wabishane. Kwake kulima kulikuwa "kurima", nasi tukarima. Walimu wengine walikagua kucha asubuhi wakitaka ziwe safi. Yeye alikagua wiki nzima akitaka aone udongo, na mwenye kucha nyeupe alimuuliza kwa upole kama anaumwa. Alitufundisha mbolea, matuta na nafasi kati ya shina na shina, lakini kiwanja cha nyumba yake kilikuwa magugu matupu hadi dirishani, na mboga alikula kwa majirani. Ukimwambia, alijibu kwamba jembe la mwalimu ni la shule. Jumapili baada ya misa alikunywa rubisi na wenzake. Walevi wa kwetu wakinywa huimba. Yeye kadiri alivyokunywa ndivyo alivyonyamaza, mpaka wenzake wakawa wanamsahau pale kwenye benchi.

Kama si yeye, leo ningekuwa sijui kuandika jina langu. Nilipokuwa darasa la tano, baba alitaka kunitoa shule. Wakati ule kila mwenye mkungu wa ndizi alikuwa anaupeleka kwenye kambi za wakimbizi kuuza, na baba aliona mikono yangu itafaa zaidi kubeba kuliko kushika kalamu. Nilikosa shule siku tatu. Siku ya nne jioni Mwalimu wa Kilimo akaingia uani kwetu na jembe begani. Alimsalimia baba, akapita, akaanza kulima shamba letu la maharage. Alilima mpaka giza likaingia, akaenda zake. Kesho yake akaja tena. Baba alivumilia siku tano, halafu akamuuliza anataka nini. Mwalimu akasema hataki kitu. Kwa kuwa shule imemchukua mtoto wao, yeye anarudisha kazi ya mtoto ili nyumba isipungukiwe. Baba aliona aibu kubwa. Jumatatu nilirudi darasani, na nikafika la saba. Sasa mtu wa namna hiyo, ungeacha kumjengea kitu?

Na kwa nini choo? Kwa sababu choo cha wasichana kilikuwa kimetitia tangu miaka ile, na sisi wakubwa tulikuwa tukikosa masomo kila mwezi kwa aibu. Hilo halikuwa siri kwa mwalimu yeyote.

Hebu nirudi kwenye miaka yenyewe. Nilikuwa darasa la nne wageni walipovuka kutoka Burundi. Hatukuwaita wakimbizi bado, neno hilo lilikuja baadaye na magari meupe. Walikuja kwa miguu, mvua ikinyesha, na kilima chetu cha pande za Bukiriro ndicho walichokiona kwanza kikiwa na mapaa ya bati. Wakalala madarasani. Sisi tuliambiwa tukae nyumbani. Kukaingia kuhara, na wazazi wakafunga milango. Baba alitukataza hata kuchota maji upande wa shule. Walimu wengine walienda makwao. Aliyebaki ni Mwalimu wa Kilimo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa palepale kiwanjani, pamoja na katekista wa kigango chetu, aliyepanda kilima kila asubuhi na sepetu begani. Kwa mbali tuliona moshi tu. Halafu yakaja malori, yakawabeba wageni kuwapeleka makambini, na shule ikafunguliwa.

Siku ya kurudi madarasa yalinuka dawa, na kuta zilikuwa zimepakwa chokaa upya hadi usawa wa kiuno. Nyuma, kwenye mteremko wa mawe na majani makavu, palikuwa pamelimwa. Mwalimu alisimama pale na miche ya mgrevilea ndani ya viroba vya nailoni. Alikuwa amekonda, macho yamemwingia ndani. Alitugawia miche miwiliwili. Wa kwanza ni wako, akasema, na wa pili ni wa mwenzako ambaye hajafika. Tukauliza mwenzetu yupi. Akasema darasa letu ni kubwa kuliko tunavyoliona, nasi tuwatunzie wenzetu. Alituonyesha kwa kijiti pa kuweka kila mche, wala hakumruhusu yeyote kuchagua. Nakumbuka tulivyofurahia ule udongo. Kwenye kilima kile jembe hugonga jiwe likaruka, lakini siku ile tulichimba kwa mikono mitupu, tukicheka.

Kuanzia hapo akawa na mambo yake. Kila asubuhi kabla ya kengele alivua viatu, akaviacha ukingoni, akapita kati ya miche taratibu akisema "Mwaramutse", salamu yetu ya kuwasalimu watu wengi walioamka. Kila alipoisema alinyamaza kidogo, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Sisi tulidhani anaisalimia miche ili istawi, na wapo wenzangu waliokwenda kuisalimia migomba ya kwao. Sheria zilikuwa chache: hakuna kuingia na viatu, hakuna kupanda mti, hakuna kuokota hata tawi lililoanguka lenyewe. Na hakuna kupiga mluzi. Ukimuuliza sababu, alikutazama mpaka unajisikia umeuliza kitu kichafu.

Miti ilipotupita kimo ikaonyesha tabia ambayo hata leo sijaizoea. Mchana wa kiangazi, migomba imetulia, bendera ya shule imelala kwenye mlingoti, mle ndani utaona majani yanacheza. Tena si miti yote. Unacheza mti mmoja, kisha wa jirani yake, kisha wa tatu, chini kwa chini, usawa wa kiuno cha mtu mzima. Ukisimama kutazama, kunatulia. Ukigeuka kuondoka, kunaanza tena nyuma yako. Tulikuwa tunaingia kumwagilia wawili wawili, na hakuna aliyekubali kuwa wa mwisho kutoka.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka wilayani, mtu mnene mwenye mkoba. Akasifu miti, akailinganisha na idadi yetu, akaona imezidi sana, akauliza ya ziada ni ya nani. Mwalimu wa Kilimo akamjibu kwamba ni ya wanafunzi wake wengine, nao hawasumbui. Mkaguzi alicheka mpaka akashika tumbo. Mwalimu hakucheka, na sisi tuliokuwa karibu tukatazama chini.

Fimbo hakuwa nayo. Shule nzima ile, yeye peke yake ndiye aliyefundisha mikono mitupu, na wenzake walimsema kwamba analea wezi. Alinichapa mimi, mara moja, na sijasikia kwamba alimchapa mwingine. Ilikuwa kiangazi kikali, maji tunayafuata bondeni, nami nilikuwa nimepandisha ndoo moja kichwani na shingo inaniuma. Nikaimimina yote kwenye mti wangu. Wenzangu wakaniuliza na wa mwenzako je. Nikasema kwa sauti, huyo asiyefika afike ajimwagilie mwenyewe. Sikujua yuko nyuma yangu. Alikata kijiti kwenye uzio wa shule, akanichapa miguuni mara tatu. Kisha akachukua ndoo yangu, akashuka bondeni mwenyewe, akarudi, akaumwagilia ule mti akiwa amepiga magoti. Nilimchukia hadi Krismasi.

Makambi yalipojaa, kuni zilitafutwa kuliko chumvi. Vilima vyote vikabaki vipara. Miti ya shule ikawa peke yake imesimama, na jirani yetu mmoja, mchoma mkaa, akaitamani. Aliingia mchana wa likizo, shule imefungwa, hakuna mtoto hata mmoja. Alitoka bila shoka. Alikuja moja kwa moja uani kwetu, mama akampa maji, akayashika tu bila kunywa. Alisema alipoinua shoka alisikia watoto nyuma yake wanaimba hesabu za kuzidisha, mbili mara mbili, mbili mara tatu. Akageuka, hakuona mtu. Akainua shoka tena, wakaendelea walipoishia, safari hii karibu zaidi. Mimi sisemi kwamba alisikia. Nasema alisimulia, na yule hakuwa mtu wa kutunga. Hata shoka lake hakulifuata tena. Mwalimu alipopelekewa habari aliuliza swali moja tu, kama walikuwa wanazidisha sawasawa.

Walimu wenzake walikuwa na mazungumzo yao kuhusu wakimbizi, kama watu wote wa wilaya ile. Wakisema wamekaa mno, mmoja hakukosa kukumbusha kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa napeleka madaftari ofisini nikamsikia Mwalimu wa Kilimo akisema, bila kuinua kichwa, kwamba wapo ambao jembe liliwafikia siku ya kwanza.

Na yupo mama mmoja wa kambi ya Lukole. Alikuwa amekuja vibarua kwenye mashamba ya kwetu, na siku hiyo akapandisha shuleni akamuulizia kwa Kirundi mwalimu aliyebaki na wageni. Nilikuwa darasa la sita, kiranja wa kumwagilia, nikawaona wanaingia mitini, wote wawili wamevua viatu. Walisimama kwenye mti wa mwenzangu, uleule ulionichapisha. Mwalimu akaushika shina, akasema maneno machache. Yule mama hakulia. Alifungua mbeleko aliyokuwa amejifunga kiunoni, akaizungusha kwenye shina, akaifunga kwa fundo lile la mtoto mgongoni, akakaa chini hadi kengele ya kutoka. Alipopita karibu yangu alinishika mkono akaniambia asante. Nikaitikia tu kwa adabu, sijui ya nini. Tuliporudi nyumbani tulisema ni mwendawazimu. Mbeleko ile ilikaa pale mpaka mvua ikaichanachana.

Sasa mnajua kwa nini haikunijia akilini? Kwa sababu mtoto akishazoea jambo halioni tena. Nilimwagilia ule mti miaka minne. Nilikua, nikaolewa, nikaachika, nikafungua hoteli, na kila nilipokumbuka shule nilikumbuka kivuli tu.

Basi alivyogeukia ukuta kule Biharamulo, nilirudi Lusahunga nimenuna. Fadhila ya punda ni mateke, nikawaambia wateja, na Mungu anisamehe kwa kumwita punda. Mwalimu Mkuu wa sasa, mgeni asiyejua lolote la zamani, pamoja na kamati ya shule walikuwa wameshakubali pale mitini, maana kwingine ni mawe na fundi hawezi kushuka hata kimo cha mtu. Kambi ya Lukole nayo ilikuwa inaelekea kufungwa, watu wanarudishwa kwao, na kila mtu alikuwa na hamu ya kusahau. Nikamwambia fundi aanze Jumatatu. Nilijisemea mzee atakuja kufurahi akishaona jina lake mlangoni.

Jumatano mchana, hoteli imejaa madereva, akaingia. Kulia amevaa kiatu, kushoto kandambili. Binti yake hakuwa na habari kwamba ametoka. Nikamwamkia, "Shikamoo Mwalimu," naye hata marahaba hakuitika. Aliuliza kama wameanza. Nikasema tangu juzi. Akashika meza, na rangi ya uso wake ilinifanya nifunge jiko bila kuuliza zaidi. Dereva mmoja mteja wangu alitupakia mbele hadi njia panda ya kwetu, na pale, tukisubiri pikipiki, mzee amekaa juu ya jiwe, akaniambia.

Aliniambia wale wageni walilala madarasani na watoto wakaanza kufa. Makaburi ya kigango yalikuwa mbali, na hakuna mtu wa kijiji aliyekubali kuwagusa. Wazazi wengine walikuwepo, wakapakiwa kwenye malori siku ileile, mikono mitupu. Watoto wengine walikuja peke yao, hawana hata wa kuwasemea jina. Yeye na katekista waliwazika nyuma ya madarasa, kila mmoja shimo lake, mchana kweupe, na hakuna aliyechungulia. Wakakubaliana wasiseme, kwa sababu wazazi wetu wasingeturudisha shule hata siku moja, na watoto wale wangebaki kwenye magugu. Katekista alikuwa ameshafariki. Aliyebaki anayejua ni yeye.

"Sikuandika popote," akasema. "Nilijiamini. Sasa nasahau, mwanangu. Juzi nimesahau njia ya kurudi kutoka msalani. Nikisahau hawa, watakuwa hawakuwahi kufika popote."

Tulifika shuleni saa za kutoka. Fundi alikuwa ndani ya shimo hadi kifuani, anasifu udongo. Mzee akavua kiatu na kandambili, akamuuliza kama amekuta kitu. Fundi akasema si kitu, ni shanga tu, akatuonyesha amezikusanya ndani ya kifuniko cha chupa: za kiunoni za mtoto, nyekundu na nyeupe, uzi umeoza. Mimi ndiye niliyemleta mtu yule pale na jembe. Mzee akazipokea kwa mikono miwili.

"Huyu alikuwa hajafika miaka mitatu," akasema. "Hakulia hata kidogo. Alinitazama tu."

Fundi alitoka shimoni kwa kasi kuliko nilivyowahi kumwona mtu akitoka. Nilimwambia aende nyumbani na asiseme, na mpaka leo hajasema. Mzee alilala kifudifudi, akazirudisha shanga chini kwa mkono wake, nami nikafukia. Nilifukia peke yangu, nimevaa kitenge kilekile nilichoendea Biharamulo, nikilia kwa hasira, na nikamuuliza kwa nini hakutuambia hata tulipokuwa watu wazima. Kwa nini aliacha nimtukane mtoto wa watu, eti afike ajimwagilie.

"Mngewaogopa," akasema. "Mimi nilitaka muwamwagilie."

Halafu akanishika mkono, akanipitisha mti kwa mti, ile ya wenzetu wasiofika. Hakuwa na majina, alikuwa na watu. Huyu alikuwa na shati la kijani. Hawa wawili ni mapacha, wa pili alifuata baada ya misa. Huyu alikuja mgongoni mwa dada yake, na dada ni yule pale. Huyu aliomba maji ya moto, akapewa, akasema yana ladha ya moshi. Alinifanya nirudie. Nikikosea alinirudisha mwanzo wa mstari, ukali uleule wa bustani, na jua likawa linazama. Majani yalikuwa yanacheza mbele yetu, mti baada ya mti, tukienda yanakwenda, na kwa mara ya kwanza sikutamani kutoka. Kwenye mti mmoja karibu na mwisho akasimama. Akaugusa, akaondoa mkono, akaugusa tena. Midomo ilicheza bila neno. "Huyu amenitoka," akasema, na hapo ndipo nilipomwona akilia, mtu mzima yule, paji la uso juu ya gome. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa ajili ya wafu.

Vyoo vilijengwa. Shamba la migomba la marehemu baba limepakana na shule, na udongo wake ni mzuri kwa sababu vizazi vitatu vimeumwagia mbolea. Nilikata migomba ya kutosha matundu manne. Kaka yangu alisema nimemwaga damu ya baba na hakunisemesha miaka miwili; sikuweza kumweleza sababu, na kwangu mimi kukaa na jambo mdomoni bila kulisema ndiyo sehemu iliyonigharimu. Kamati niliiambia tu kwamba mzee amekataza kuchimba mitini, na heshima yake ilitosha. Mlangoni sikuandika jina lake wala la mtu mwingine.

Kila nilipopata nafasi nilikwenda Bukiriro kupita mitini nikirudia, nisije nikapoteza hata mmoja, kisha nikapitia Biharamulo kumwona. Mara ya mwisho nilimkuta uani juani, shuka magotini. Binti yake alinionya kwamba hamtambui tena mtu. Nilimwamkia, akaitika kwa adabu kubwa, akaniuliza kama nimetoka mbali na kama kwetu mvua imenyesha. Nikakaa karibu yake. Sikujua la kumwambia, nikaanza kumwambia miti. Nikamwambia wa shati la kijani, mapacha, dada na mdogo wake, wa maji ya moto, mmoja mmoja kwa mpangilio wake. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayepewa habari za nchi ya mbali. Hakuonyesha kumjua hata mmoja.

Nilipomaliza aliinua kichwa.

"Masikini watoto," akasema. "Nani aliwazika?"

Nikajikaza, nikasema ni mwalimu mmoja, mwalimu wa kilimo.

"Aliwazika vizuri?"

"Vizuri sana, Mwalimu. Kila mmoja peke yake."

Akaitikia kwa kichwa polepole, ameridhika kabisa, akavuta shuka hadi kifuani.

"Ukionana naye," akasema, "nishukurie."

Nikamwambia nitamshukuria.